Makochi Yaliyovuliwa Nailoni

Kaka yetu tunamwita Bosi, ingawa hana mtu hata mmoja chini yake. Jina alijipa mwenyewe siku alipopata kazi nje ya nchi, na sisi tukalikubali ili yaishe. Yeye na mkewe, wifi yetu, wanafanya kazi ofisi moja huko ughaibuni, na kila Jumatatu asubuhi simu zetu hujaa picha za wikiendi yao. Wifi kwenye daraja. Bosi kwenye ngazi za jengo la kale. Wote wawili mbele ya ziwa, wamefumba macho kama watoto waliopewa peremende. Ukiuliza ni wapi huko, unajibiwa kwamba ni padogo tu, saa mbili kwa treni.

Ila ninayetaka kumsimulia hapa ni Dada Mkubwa, mzaliwa wa kwanza kwetu, kwa sababu yeye ndiye aliyeachiwa nyumba ya hao wasafiri.

Nyumba yenyewe iko mtaa wa nyuma ya hospitali. Ina vyumba vinne na baraza yenye vigae vinavyoteleza hata vikiwa vikavu. Makochi Bosi aliyatuma kwa meli, yakafika yamefungwa nailoni kutoka kiwandani, na nailoni akakataza isiguswe. "Tutaitoa wenyewe tukirudi," alisema. Miaka ikapita, watu wakaoa na kuachana, nailoni iko pale pale. Na kule wanakoishi nako hawajanunua hata kiti cha maana, kwa sababu eti wako mbioni kurudi. Nimewaona kwenye simu ya video: sebuleni wamekalia viti vya bustani, na meza ni boksi la televisheni. Kwa hiyo huku makochi yalisubiri watu, kule watu wakasubiri makochi, na ikifika Ijumaa nani anataka kubaki kwenye viti vya bustani? Wanapanda treni. Ndiyo mapenzi yao yote ya kutembea.

Dada Mkubwa alikuwa mpishi wa shule ya bweni mpaka magoti yake yalipogoma. Mumewe alishafariki, mtoto hakujaliwa, na chumba alichopanga, mwenye nyumba alikihitaji. Bosi akamwambia aje atunze nyumba. Kutunza, siyo kukaa. Dada alale stoo ya uani, katikati ya ndoo za rangi na vigae vilivyobaki, na nyumba kubwa aifungue mara moja kwa wiki kupiga deki, kisha aifunge. Ujumbe wa sauti ninao mpaka leo: "Dada, nikisikia mtu amelala kwenye vile vitanda, funguo unarudisha na unatafuta pengine." Pengine penyewe hapakuwepo. Mama na mimi tunaishi mtaa wa pili, chumba kimoja, na nusu ya chumba imechukuliwa na cherehani yangu. Mama hakuwa na habari ya stoo. Dada alimwambia amepewa chumba kizuri, na Mama akamwombea dua Bosi kwa ajili hiyo. Mimi nikisikia ile dua nilikuwa natoka nje.

Siku moja mvua kubwa ikanyesha na bati likaanza kuvuja juu ya sebule. Dada alimpigia Bosi, simu haikupokelewa kwa kuwa ilikuwa Jumamosi. Akamtumia picha ya dari lililovimba. Jibu lilikuja jioni: picha ya maporomoko ya maji, Wifi mbele yake na koti la mvua, na chini wameandika, "Uumbaji wa Mungu!"

Dada aliitazama weee, kisha akaniuliza, "Mdogo wangu, huyu hajaelewa au ananidhihaki?"

Nilipandwa na hasira. Nikamwambia tuifungue nyumba, tuvue hiyo nailoni, tupangishe wageni wa wikiendi mpaka fundi wa bati alipwe. Dada alikataa katakata. Kesho yake akaja kwangu kuazima mkasi.

Kumbe makochi yalikuwa ya kijani. Miaka yote sisi tulidhani ni ya kijivu, na Bosi mwenyewe alikuwa akiyaita "yale yangu ya kijivu". Dada akapaka sebule rangi ya njano aliyoikuta stoo, akafungua madirisha ambayo hayakuwahi kufunguliwa tangu yawekwe, mimi nikashona mapazia, nikapiga picha, nikazitia mtandaoni. Mtaa hatukuutaja, kwa kuwaogopa majirani wenye midomo. Mgeni aliambiwa ashukie kituo cha mafuta cha barabara kuu, angekuja kupokewa na Mama Utulivu. Hilo jina mimi ndiye niliyembandika Dada.

Fundi akalipwa, bati likazibwa, lakini wageni hawakukoma, na sisi hatukuwafukuza. Dada akahama stoo, akalala kwenye godoro la kweli, na magoti yakampa nafuu. Mama akawa anakuja kila Jumamosi asubuhi kunywa chai kwenye kochi la dirishani. Dada alikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuiona kwake, na hofu pia. Kila simu ya ng'ambo ikilia alikuwa akirudi stoo kuipokelea huko, ili asionekane anadanganya.

Kisha Mama akalazwa kwa presha. Tukamsihi Bosi aje japo siku mbili. Akasema kazini hawamwachii kabisa, mpaka mwisho wa mwaka. Mama akatoka hospitali akimtetea: "Kazi za watu hizo, mwacheni mwanangu."

Hazikupita wiki nyingi, likaingia ombi la wageni wawili waliojiita Wapenda Kimya. "Tunataka mahali tusipojulikana," waliandika. "Tumechoka sana na watu. Sebule yenu imetuvutia, inaonekana ni ya watu wanaojua kuishi."

"Maskini," Dada akasema, "hao nitawapa chumba cha kati, hakina kelele." Akaenda kuchuma maua ya kuweka mezani.

Ijumaa mchana tukawafuata kituo cha mafuta. Karibu na mashine ya upepo walisimama mwanamume mwenye kofia pana na miwani myeusi, na mwanamke aliyejiziba mtandio mpaka puani, na mabegi mawili ya magurudumu.

"Watu wa heshima hao," Dada akaninong'oneza. "Hebu wapigie."

Nikapiga. Mkoba wa yule mwanamke ukaita. Akatoa simu, akasema "Haloo," na sauti ya wifi yangu nikaisikia mara mbili, simuni na mbele yangu.

Mwanamume akavua miwani. Macho yalikuwa yamemtoka pima. "Dada! Mnafanya nini hapa?"

"Tumekuja kupokea wageni," Dada akajibu. Akishtuka huwa hawezi kusema uongo.

"Wageni gani?"

"Nyie."

Tukaongozana kwenda nyumbani. Kila upande ulikuwa umekamatwa na ulikuwa unapiga hesabu ni nani kakamatwa zaidi. Tulipoingia sebuleni Bosi akasimama katikati, akazunguka mara mbili.

"Haya makochi ya nani?"

"Yako," nikasema.

"Yangu ni ya kijivu!"

"Kijivu ilikuwa nailoni, kaka."

Hapo ndipo alipowaka. Nyumba yake tumeigeuza gesti! Jasho lake! Akamgeukia Dada, mtu aliyembeba mgongoni akiwa mdogo, akamnyooshea kidole. "Nilikwambia nini? Kusanya vitu vyako, utoke leo hii."

Dada hakubishana. Aliingia ndani, akatoka na begi lake moja, uso umemwiva. Roho iliniuma, nusura nimrukie Bosi.

"Haya, natoka," Dada akasema. "Nakwenda kwa Mama. Lakini nisindikize mwenyewe, Bosi. Ataniuliza nani kanifukuza na kaja lini, na mimi kumdanganya tena siwezi."

Bosi akashusha kidole. Nadhani alikumbuka kwamba Mama anajua kazini hawamwachii. Wakati huo Wifi alikuwa amevua viatu, amejilaza kwenye kochi refu, miguu juu.

"Mume wangu, hebu kaa kwanza," akasema. "Ni laini."

Bosi akakaa. Lilikuwa ni kochi lake, na ndiyo mara yake ya kwanza kulikalia. Alizama mpaka magoti yakawa usawa wa kifua, akasema mambo mengine tutaongea kesho. Dada akarudisha begi, akawapikia.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi, na katika hayo masaibu sote tulisahau maana yake. Tulikuwa mezani Mama alipoingia na fimbo yake. Akamwona Bosi, fimbo ikamdondoka.

"Nilijua!" akasema, machozi yanamtoka. "Niliwaambia hawa, mwanangu akisikia naumwa hatalala! Umekuja kuniona!"

"Ndiyo, Mama," Bosi akasema. "Tumekuja kukuona."

Nikafungua mdomo. Dada akanikanyaga kidole chini ya meza, na kucha yake haijapona mpaka leo.

Mama akaketi kwenye kochi lake la dirishani, akamshika Bosi mkono. "Na umefanya la maana kumwachia dada yako nyumba. Ona inavyopendeza! Kuna watu hapa mtaani hufungia majumba yakaota ukungu, ndugu zao wa damu wakilala stoo. Wewe sikukuzaa hivyo. Si umemwachia?"

Chai ilimpalia Bosi. Wifi akampiga mgongoni. Alipomaliza kukohoa Mama alikuwa bado anamtazama, anasubiri.

"Nimemwachia, Mama," akasema. Sote tulisikia, na Dada aliweka birika chini polepole.

Jumapili wakaondoka. Jumatatu hakukuja picha ya daraja wala ya ziwa. Kilichokuja ni maoni ya mgeni kwenye ule mtandao, kaandika Wifi, nyota tano: "Tulijisikia tuko nyumbani kwetu." Niliyasoma mara nyingi, nikashindwa kuamua kama nicheke.

Baadaye Bosi akaniandikia mimi, siyo Dada. Alitaka mwisho wa mwaka chumba cha kati kiwe chao. Nikampelekea Dada habari. Nilimkuta sebuleni anapiga deki, maana saa sita kulikuwa na wageni wengine wanaingia.

Hakuinua hata kichwa. "Mwambie awahi kuweka nafasi," akasema. "Mwisho wa mwaka huwa tunajaa."