Aliyeingia Bila Hodi

Wapelelezi walikuja alasiri moja ya theluji, nikiwa ndiyo kwanza nimevua viatu. Nilikuwa nahudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea, zamu ya asubuhi, na saa ile nilitaka chai tu. Walikuwa wawili, mwanamke na mwanamume, wamevaa kiraia. Mwanamke alinionyesha kitambulisho, kisha hati ya mahakama, akaniuliza kwa upole humu ndani tunaishi nani na nani.

Nikamwambia: mimi, mume wangu, binti yetu anayesoma darasa la pili, na shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, aliyekuja kusoma chuo.

"Nani anatumia intaneti?"

"Sote. Hata mtoto."

Akaniambia kuna mwanamke mjini humu anayetumiwa barua pepe za vitisho, na barua hizo zinatoka kwenye laini ya nyumba yetu. Nilimwomba arudie, nikidhani Kiingereza changu kimenipiga chenga. Akarudia polepole. Huyo anayeziandika aliujua mtaa ambao mwanamke yule alihamia kujificha. Aliijua rangi ya koti lake. Katika barua ya mwisho alisema atamsubiri nje ya shule ya mwanawe.

Walichukua kompyuta zetu zote mbili, ya mezani pale sebuleni na ya mapajani ya shemeji, wakazitia kwenye mifuko. Binti aliuliza kwa Kiingereza kama atarudishiwa mchezo wake.

Tulikuwa tunaishi ughaibuni, mtaa wa Parkdale, kwenye jengo refu la zamani lenye kuta nyembamba, ambamo ukikohoa jirani anakuombea. Ruta, kile kisanduku cha kusambazia intaneti bila waya, tulikuwa tumeinunua mwaka uliotangulia. Mume wangu aliichomeka, akaipa jina la namba ya fleti yetu ili tusiipoteze kati ya zile za majirani, akaona inafanya kazi, akaridhika. Kuiwekea nywila hatukuwaza. Miaka ile ya 2000 wengi hawakuwaza. Mlango wetu, lakini, ulikuwa na kufuli mbili na mnyororo.

Jioni, mume wangu aliporudi kutoka kwenye ghala alikokuwa akifanya kazi, mtaa wa Downsview, nilimweleza. Hakuvua hata koti. Alimwendea mdogo wake jikoni.

"Wewe ndiye unayeshinda kwenye kompyuta. Una mwanamke hapa mjini?"

"Kaka, mimi?"

"Nakuuliza."

"Huyo ni mama wa mtoto anayesoma shule! Mimi nimefika juzijuzi tu, nitamjulia wapi?"

"Baba, subiri kwanza," nikasema. "Polisi wenyewe hawajasema ni yeye."

"Polisi hawapotei nyumba," akajibu, bila kunitazama.

Shemeji hakula. Kesho yake alifunga virago, akaenda kwa rafiki yake, mtaa wa Agincourt. Mlangoni aliniambia, "Shemeji, tafadhali, mama asilisikie hili." Nikamwahidi. Alishuka kwa ngazi, ingawa lifti ilikuwa nzima.

Kama si shemeji, basi ni nani? Nilijikuta namtazama mume wangu akila, akifunga kamba za viatu, akicheka na mtoto.

"Unanitazama nini?" akaniuliza siku moja.

"Sikutazami."

"Tangu juzi unanitazama."

Aliondoka, akaufunga mlango taratibu mno, na utaratibu ule ndio ulioniogopesha.

Halafu ikaja siku nilipokuwa nyumbani peke yangu, mchana kweupe, nakunja nguo. Ruta ilikuwa juu ya rafu ya televisheni. Macho yangu yakatua kwenye taa yake ya kijani, ile yenye alama ya antena. Ilikuwa inapepesa. Inatulia, inapepesa harakaharaka, inatulia tena. Nilikuwa nimezoea kuiona hivyo shemeji akiwa anasoma. Lakini shemeji hakuwapo. Kompyuta hazikuwapo. Simu zetu za siku zile zilikuwa za kupigia tu.

Nikageuka kutazama kochi, kana kwamba yule aliyekuwa akiitumia ameketi pale nyuma yangu.

Niliitafuta kadi aliyoniachia yule mpelelezi nikampigia. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Usiizime," akasema. "Usiweke nywila. Wasijue majirani. Acha kila kitu kama kilivyo."

"Mpaka lini?"

"Mpaka tuje."

Siku zile za kungoja ndizo zilizokuwa mbaya kuliko zote. Tulilala, tukaamka, tukala, na taa inapepesa, nasi tunajua kwamba mtu fulani yumo. Kila ilipotulia nilijiuliza amemaliza kuandika nini. Mume wangu nilipomwonyesha taa ile alichukua simu akampigia mdogo wake. Simu haikupokelewa.

Kwenye lifti niliwachunguza watu. Bibi mwenye mbwa. Vijana wa ghorofa ya chini. Bwana mmoja wa ghorofa ya juu yetu, mpole, ambaye kila mara alituzuilia mlango tukiwa na mizigo. Siku moja kati ya hizo aliinama kwa binti yangu akamuuliza, "Unasoma shule gani wewe?"

Binti alifungua kinywa. Nikambana mkono. "Tumechelewa," nikasema, ingawa tulikuwa tunarudi nyumbani. Yule bwana akatabasamu.

Wapelelezi walirudi wakiwa na kifaa chenye antena ndogo, cha kufuatia mawimbi ya yule aliyekuwa akitumia intaneti yetu. Walikaa sebuleni kwetu kidogo, wakatoka kwenye korido, wakaenda huku na huku, wakapima hata kwenye ngazi. Mimi nilibaki nyuma ya mlango, jicho kwenye tundu, hadi walipopotea kuelekea juu. Kisha nikasikia nyayo zao juu ya dari yangu. Hodi. Sauti za watu. Kitu kizito kikaanguka, na taa zetu za dari zikatikisika.

Nilimwona kutoka dirishani akitolewa nje, mikono nyuma, shati tupu kwenye theluji. Alikuwa yule bwana mpole. Kabla ya kuingizwa garini aliinua uso akayatazama madirisha, moja baada ya jingine. Nilirudi nyuma nikavuta pazia.

Mpelelezi alipoleta kompyuta zetu nilimwandalia chai.

"Yule mwanamke yuko salama?"

"Leo yuko salama," akasema. "Ni mke wake wa zamani." Akakoroga chai. "Mwanzoni alikuwa akisubiri mtoke kwenda kazini na shuleni. Akiitumia mkiwa nyumbani, mngelalamika intaneti ni nzito. Alipoona hamuitumii tena, akaacha kuchagua saa."

Basi aliijua ratiba yetu kuliko ndugu zetu.

Siku hiyohiyo nilipiga simu kwa kampuni ya intaneti. Kijana wa huduma aliniongoza hatua kwa hatua: kubadili nywila ya kiwandani ya ruta yenyewe, ambayo ni ileile kwa kila aliyenunua ruta kama yetu, kuchagua ulinzi ulio imara zaidi, kufuta ile namba ya fleti kwenye jina. "Nywila iwe ndefu," akasema, "na isiwe jina la mtoto." Niliandika maneno ya kwetu ambayo mtu wa jengo lile asingeyabahatisha. Tulipozima kompyuta, taa ikatulia. Nililia, nami sikujua nalia nini.

Yule bwana alifungwa, na muda wake ulipoisha tulipigiwa simu kujulishwa. Tukahamia Downsview kabla theluji ya mwaka huo haijayeyuka, asije akatukuta pale.

Mume wangu alikuwa amekwisha kwenda Agincourt kumwomba mdogo wake radhi. Alirudi peke yake. "Amenisamehe," akasema, "ila anasema kulala kwetu hawezi tena."

Miaka imepita. Shemeji ameoa, na sikukuu huja na mkewe, hula vizuri, huchekesha watoto. Siku hizi kila mtu ana simu ya kisasa mkononi, na wageni wetu wote huomba nywila kabla hata ya kuketi. Yeye hajawahi kuomba. Krismasi iliyopita mume wangu alimwandikia kwenye karatasi, akaisogeza mezani karibu na sahani yake.

"Asante kaka," akasema, akiirudisha taratibu. "Natumia bando langu."