Sungura Aliyekunywa Dawa

Huku kwetu Suji, milimani, sungura anafugwa aliwe, hakuna anayembeba kifuani kama mtoto. Lakini huyu mmoja, mama yake alikufa yeye hajaota hata manyoya, nikamlea jikoni kwa maziwa ya mbuzi. Basi akawa wangu. Nikichochea moto yupo, nikichambua kunde yupo, anadokoa majani na kunitazama kama ananidai.

Masika ya mwaka jana akatoka uvimbe chini ya taya. Mara ukawa kama limau, na kula akaacha. Babu yenu akamtazama, akasema, "Bibi, mchinje huyo kabla hajaisha nyama. Mkwe anakuja Jumapili."

Mzee hakuwa na ubaya. Kwao mnyama akiugua unawahi kisu. Lakini mimi nikamjibu tu kwamba nimesikia, nikaingia chumbani nikampigia simu bwana mifugo.

Akapanda na pikipiki yake. Akalipasua lile jipu, usaha ukatoka mzito kama jibini, akaosha kwa maji ya chumvi. Mimi nilikuwa na vidonge vilivyobaki nilipoumwa jino, vile vya rangi mbili, nikasema nimchanganyie kwenye uji. Akanikatalia mbio. Sungura akimeza vile tumbo lake linaharibika, anakufa kabla jipu halijamuua. Akaniachia dawa yake ya maji na bomba dogo lisilo na sindano, nimpe asubuhi na jioni kwa pembeni ya mdomo.

Anawasha pikipiki, akamgeukia mzee: "Na nyama yake msiile, babu, dawa imo mwilini. Nitawaambia ikiisha."

Jamani, moyoni nilipiga vigelegele!

Furaha yenyewe haikukaa. Namviringisha kwenye khanga kichwa tu nje, naingiza bomba, dawa nusu inamwingia, nusu inanimwagikia kifuani. Anasaga meno kwa maumivu, moyo unampiga puu puu puu mkononi mwangu. Majani hagusi. Mzee akasema, "Sasa sisi hatumli, na yeye hali. Huyu ni mgeni gani?" Nikacheka, lakini nilipobaki peke yangu nikalia. Kisu kinamaliza mara moja. Je, namtibu yeye, au najitibu mimi nisibaki jikoni peke yangu?

Jumapili mkwe akala kuku. Wenzangu wanapiga soga sebuleni, mimi niko jikoni nimempakata sungura, namgusisha mdomoni jani la matembele. Hataki. Nikaligeuza, nikalikata dogo. Akanusa. Halafu likaanza kuingia lenyewe, taratibu, kama uzi unavyovutwa, na ule mlio wa kutafuna, kru kru kru. Sikuthubutu hata kusogeza mguu.

Mzee akachungulia mlangoni. "Anakula?"

"Anakula."

"Dawa inaisha lini mwilini?"

"Dawa kali hii, babu. Inakaa sana."

Amepona, amenenepa, chini ya taya limebaki kovu tu. Bwana mifugo alishapiga simu zamani. Mzee hajaniuliza alisema nini, na mimi sijaanza kumsimulia. Ila siku hizi nikisikia mtu anapiga hodi, kabla sijamkaribisha natazama kwanza sungura yuko wapi.