Majina Ambayo Maman Hakuyataja

Mwanasaikolojia wa nyumba ya wazee ya Auderghem, huku ughaibuni, nilikokuwa mhudumu mwishoni mwa miaka ya tisini, alileta kompyuta ili iwe dawa ya huzuni. Picha za zamani za mzee ziliingizwa ndani. Sura ikitokea kwenye kioo, mzee anataja jina, kisha anasimulia, na moyo unafunguka. Mimi nilitafsiri na kubonyeza. Nilijiona mtu wa maana sana.

Tulikuwa na maman mmoja, mama mzee wa Kivu kwetu, aliyeacha kuzungumza tangu amzike mumewe. Mwanawe alileta picha tatu: mume wa maman, baba mkwe wake na mama mkwe. "Anaitwa nani?" niliuliza. Maman alitazama chini. Nikabonyeza "hakumbuki". Wiki tatu mfululizo, picha zote, hakumbuki.

Ndipo mwanasaikolojia akasema Jumatatu maman atahamishiwa ghorofa ya juu, kwa wale waliopoteza kumbukumbu, ambako mlango hufungwa kwa ufunguo. Nilikasirika, na hasira zangu hazina adabu. Nikiwa namsuka nywele, nikamwambia, "Maman, hata bwana yako umemusahau?"

Aligeuka taratibu. "Nimusahau namna gani? Ule ni papa wa batoto yangu. Ule mwingine ni papa yake. Lakini muntu anaweza taja jina ya mukwe wake mbele ya bantu? Weye uko bibi ya muntu, donc unajua."

Nilijua. Kwetu mke hamtaji kwa jina mkwe wala mumewe. Nyanya yangu alikufa bila kulitamka la babu. Lakini mkwe wangu mimi nilimwita beau-père, yaani baba mkwe, basi, Kifaransa kikanipumzisha, nikasahau kwamba kuna mwiko. Mwacha mila ni mtumwa, wanasema. Nilikuwa mtumwa mwenye kipanya mkononi. Niliona aibu sana.

Nilishuka ngazi mbio kwenda kueleza. Mwanasaikolojia, namshukuru, hakubisha. Jumatatu alizirudisha picha, na safari hii nikauliza, "Huyu alikutendea nini?" Maman alizungumza mpaka chakula cha mchana kikapoa: jinsi baba mkwe alivyomjengea jiko lake mwenyewe, asigombane na mama mkwe. Alicheka, akalia, akaomba picha ya mumewe isiondolewe kwanza. Ghorofa ya juu hakupelekwa.

Nilipokuwa namrudisha chumbani, alinishika mkono. "Kila mara nilinyamaza, na weye unanyamaza, unagusa tu mashine. Nikasema, huyu mutoto balimulea muzuri, anachunga heshima yangu."

Sikuthubutu kumwambia mashine ile ilikuwa ikiandika nini kila nilipoigusa.