Rukiya anang'oa lengalenga katika mahindi ya mwenye ardhi

Saa moja asubuhi umande haujakauka, na Rukiya Hamissi tayari ameinama kati ya mistari ya mahindi huko Neerpede, pembezoni mwa Brussels. Mahindi si yake. Anachong'oa ndicho chake: lengalenga, mboga ya jamii ya mchicha, iliyotokana na mbegu za mkono wake. Anang'oa mche, anakung'uta udongo, anautumbukiza guniani bila kuutazama.

"Kwetu mboga kama hii watu wangeigombania," anasema. "Hapa nimeambiwa ni uchafu."

Mistari mitatu nyuma yake, mumewe Nassoro anahema.

"Mama Naïma, punguza mbio! Kwani tunalipwa?"

"Ng'oa, Papa Naïma. Mgongo utalalamika Jumapili."

Rukiya, mwenye miaka arobaini na saba, alizaliwa Buyenzi, Bujumbura. Mama yake alilima vipande vya kukodi katika bonde la Rusizi, na binti amefuata nyayo hizo hadi Ubelgiji. Nassoro alikuwa mfanya usafi katika kiwanda cha magari huko Forest, Brussels. Kiwanda kilipofungwa mwaka 2025, nusu ekari waliyokuwa wakiilima kwa kuongezea kipato ikawa ndiyo inayotia chakula chunguni.

Wanaikodi kwa yuro mia tisa kwa mwaka. Mkataba wao ni karatasi moja, nao huisha tarehe 11 Novemba, siku ya Mtakatifu Martin, ambayo wakulima wa huku hufungia mwaka wa shamba. Mboga huziuza Molenbeek. Baridi ikiingia, hawauzi kitu.

Kilichowaponza ni desturi. Kila mwaka Rukiya aliacha miche bora bila kuichuma, ichanue, ikomae, imwage mbegu yenyewe. Mama yake aliiita "wazazi", na kuikata aliona ni nuksi. Kule Rusizi mbegu ikivuka mpaka, jirani naye alikula.

Jirani wa hapa ndiye mwenye ardhi, mzee anayelima mahindi ya kulisha ng'ombe. Kwake lengalenga ni gugu baya: mche mmoja humwaga maelfu ya mbegu, nazo hulala ardhini miaka mingi. Mwezi wa Juni mahindi yake yalichipua yakiwa yamezingirwa. Barua ikaja: mkataba hautaongezwa.

Rukiya alimfuata mlangoni.

"Nikamwambia, Monsieur, nipe mpaka mwisho wa Agosti, nitang'oa yote kwa mikono. Akasema, bon, ng'oa, alafu nitaangalia."

Wameng'oa kwa wiki tano. Nassoro hakuamini tangu mwanzo. "Tonton yule ana akili," anasema, akimaanisha mwenye ardhi. "Amepata vibarua wa bure."

Saa sita mchana mzee anafika na mabuti yake, kukagua kama alivyoahidi. Anapita mistari miwili. Ni safi. Rukiya anamfuata kwa macho. Kisha mzee anachuchumaa, anayasogeza majani ya mahindi, ananyoosha kidole. Kivulini mna miche mipya, myembamba kama uzi, mamia kwa mamia.

"Madame Rukiya, mmefanya kazi, siwezi kukataa," anasema kwa Kifaransa. "Lakini tazama mwenyewe. Novemba mnaondoka."

Anampa mkono, anakwenda zake.

Nassoro anabwaga gunia. "Si nilikwambia? Twende nyumbani."

Rukiya haendi. Imebaki mistari sita.

"Mtu humwachii shamba chafu, hata akikufukuza," anasema, na kuinama tena.

Amesikia kuna mjane upande wa Dilbeek mwenye bustani iliyolala bure. Anataka kumwona kabla ya baridi, na hataanza na habari za kodi wala mipaka.

"Nitakwenda na sufuria," anasema. "Lengalenga, mawese, karanga kidogo. Ale kwanza. Alafu nimwambie ukweli wote, kwamba mboga hii inatembea. Akikataa, akatae akiwa ameonja."