Nilivyomfanya Mama Mkwe Mjane Sokoni Warwick

Jamani, hili nalisema leo kwa sababu Aline ameshaanza kulisimulia saluni kwake, na akilisimulia yeye huwa ananiongezea ujinga ambao sikuwa nao, kwa hiyo bora mnisikie mwenyewe: mwaka jana nilimuua baba mkwe wangu. Hakuwa mgonjwa, hakuwa hata Durban, alikuwa kwake Lubumbashi amekaa na sahani yake mezani, na mimi huku nikamtangazia msiba mchana kweupe, tena nikichekelea.

Wakati huo alikuwa bado si mkwe wangu, na hapo ndipo penye uchungu. Mimi ni mtu wa Morogoro, natengeneza simu hapa mjini, Aline ni Mkongo na kazi yake kusuka nywele, na tulikuwa tumependana miaka mitatu bila kwao kunikubali, maana baba yake alisema hamtoi binti yake kwa mtu aliyemwona kwenye simu tu. Basi akamtuma mkewe, Mama Aline, aje akae wiki mbili anichunguze, na jibu la Mama ndilo lingekuwa jibu la Mzee. Wiki ya kwanza nilikuwa malaika. Nilikuwa napiga pasi mpaka fulana, na kanisani nakaa mbele kabisa (mimi, ambaye benchi la nyuma linanijua kwa jina).

Wiki ya pili Mama akataka kuuona mji, na Aline, kwa kuwa anajua kwamba miaka yangu tisa ya Durban imeishia kwenye kibanda, chumba na kanisa, akamtafuta mtembezaji wa kulipwa, Auntie Thobile, mama wa makamo mzaliwa wa hapa, anayewatembeza wageni wake kwa miguu na hachanganyi familia mbili safari moja. Kazi yangu ilikuwa kutafsiri, kwa sababu Auntie alisema Kiingereza na Kizulu, na Mama Kiswahili cha kwao na Kifaransa. Kutafsiri tu, jamani, kazi ya kukaa kimya nusu ya muda. Lakini kila Auntie akieleza jambo, Mama anatikisa kichwa na kusema, "Huyu mama anajua bintu mingi," na mimi niliyelieleza jambo lenyewe kwa mdomo wangu siambulii hata asante, roho ikaanza kuniuma.

Tukafika Warwick, sokoni. Auntie ana utaratibu wake, hampeleki mgeni kwa wauza dawa za miti shamba kabla hajaenda peke yake kuwasalimu na kuomba ruhusa. Akatuweka kwenye benchi karibu na mafundi cherehani, akaniambia, "Festo, ngojeni hapa. Mkitaka kununua kitu chochote, niulizeni kwanza." Nikakubali, "Sharp, Auntie." Hata hajapotea vizuri machoni, nikaiona nguo.

Ilikuwa ya buluu iliyoiva mpaka inakaribia weusi, gauni refu, kitambaa cha kichwa, na kijishali cha mabegani kinachofungwa kwa pini mbele, vyote vya kitambaa kimoja. Nikajisemea, hii ndiyo nguo ya heshima ya Kizulu, leo Mama atajua nani anaijua Durban. Muuzaji akaniuliza ni ya nani, nikasema ya mama yangu yule pale. Akamtazama Mama muda mrefu, akateremsha bei mwenyewe kabla sijafungua mdomo, akanikabidhi kwa mikono miwili bila neno (na mimi nikajisifu moyoni kwamba kwa kupatana bei sina mpinzani).

Mama akaivaa palepale juu ya kitenge chake, ikamkaa kama aliyepimwa. "Mwana yangu," akasema, "hii nguo iko muzuri sana." Mwana yangu! Wiki nzima nilikuwa naitwa monsieur. Nikampiga picha, nikaiweka kwenye status yangu na maneno "Mama wetu, Durban imempokea," kisha, kwa kuwa kichwa kilishavimba, nikamwambia twende tuzunguke kidogo.

Na kweli mji ulimpokea. Watu wakatupisha njia, msukuma mkokoteni akasimama na mzigo wake wote mpaka tupite, mzee mmoja akavua kofia, na kwenye vyakula mama mmoja akatuletea kiti kando kabisa na wenzake, akaweka chai bila kuulizwa. Mama akasema, "Bantu ba huku beko na heshima. Bananiangalia mie kama bibi ya gouverneur." Nikamweleza, kwa sauti ya mtaalamu, kwamba Wazulu wanathamini sana wageni.

Mbele kidogo palikuwa na duka la spika, na kwa bahati yangu mbaya wakaweka muziki wa Kikongo. Mtu wa Lubumbashi mnamjua, gitaa likianza kulia kiuno hakiombi ruhusa, Mama akaweka mkoba chini akacheza, shali linapepea, mimi nampigia makofi, na watu wakasimama kutazama huku wamefunika midomo. Mwenye duka akazima muziki. Katika ukimya ule ndipo Auntie Thobile alipotokea, mikono kichwani.

"Eish, Festo," akasema taratibu. "Nani amekufa?"

Nikasema hakuna. Akanivuta pembeni, akanieleza kwamba hiyo ni nguo ya mwanamke aliyefiwa na mumewe, huivaa mwaka mzima, na akiwa nayo hapazi sauti, hajichanganyi na watu, na kucheza ndiyo kabisa hathubutu. "Mwambie Mama," akasema. Nikageuka, nikatafsiri hivi: "Mama, anasema hii nguo ni ya wamama wakubwa." Mama akatabasamu. Auntie hajui Kiswahili hata neno, lakini tabasamu lile alilielewa. "Umemwambia uongo," akasema. "Mwambie vizuri."

Nikamwambia vizuri. Mama akakaa kwenye kizingiti cha duka, akafungua pini polepole, akalikunja shali magotini, na alichosema ni kimoja tu: "Bwana yangu iko muzima." Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe, na nikajua Aline nimeshamkosa.

Hapo simu yangu ikalia, Aline analia kuliko simu. Kumbe mama mmoja wa kwaya yetu, Mkongo anayekaa Pinetown na anazijua hizo nguo, aliiona status yangu, akaandika rambirambi kwenye kundi la kwaya, na kwaya yetu ina binamu Lubumbashi kama mchanga wa pwani. Hapohapo ikaingia simu ya Mzee mwenyewe, kwenye simu ya Mama, na Mama akaiweka spika.

"Mi niko nakula bukari," Mzee akasema. "Bantu banaingia mu parcelle yangu na viti. Moja anafunga bâche ya matanga. Nauliza, nani amekufa? Banasema, ni weye." Kisha akauliza, "Festo iko hapo?"

Nikasema niko, Baba, naomba msamaha, mimi ndiye niliyeinunua.

"Ulinunua na franga yako?"

"Ndiyo, Baba."

Nikasikia viti vinaburutwa huko kwake. "Sikia. Ni batoto banazikaka baba. Mi niko na batoto sita, hakuna hata moja amenunua nguo ya matanga yangu. We umeisha kunizika, tena na franga yako. Sasa nitakukatalia Aline namna gani?"

Mama akaanza kucheka, akacheka mpaka akajifuta machozi na lile shali, na Auntie akaniuliza Mzee amesema nini, nikashindwa kutafsiri kwa sababu nami nilikuwa nalia, mwanaume mzima, mbele ya duka la spika.

Tulioana mwezi wa nane. Tangu siku ile nimeapa, katika mji huu hata leso sinunui kabla sijamuuliza mwenyeji. Na siku ya Mzee ikifika kweli, Mungu aicheleweshe sana, nitasafiri mpaka Lubumbashi nikae msibani pamoja na watoto wake, na kabla sijafungua begi nitauliza nivae nini.