Kaswera na saki moja ya makala

Mimi Hulda, mupishi wa hoteli kule Vulamba, mu muji wa Butembo, nilimupenda Kaswera, mais ule mama alinikasirisha sana mwaka ile ya vita! Kazi yake ilikuwa moja: kuchemusha maji ya bageni ya kuoga. Asubuhi ya Butembo, baridi inaingia mpaka mu mifupa. Vita ikafunga barabara ya Mutwanga kwenye inatokea makala ya kuwasha moto, bei ikapanda, na patron wetu Ananie, mwenye hoteli, akamuambia: "Saki moja, gunia moja tu, ifikishe juma mbili. Ikishindikana, rudia kwenu Kipese." Kaswera ni mujane wa batoto batano. Akalia mbele yangu.

Kisha akaanza kutia ndoo zake za maji juu ya sufuria yangu ya maharagi, zipate moto ya bure. Wacha! Bageni bakatafuna maharagi magumu kama changarawe, na matusi nikakula mimi. Nikamufukuza na mwiko.

Pale njo akakumbuka dawa yetu ya mafua. Commandant Benoît, mutu wa Kinshasa mwenye kuongoza basoda, ni kusema baaskari, alikuwa mugeni wetu, alizoea kuoga ndoo tatu. Siku moja mafua ikamushika. Kaswera akamuwekea sufuria ndogo ya majani ya karatusi yenye kuchemuka, akamufunika bulangeti juu ya ule mvuke. Akatoka na jasho, anacheka, hata kuoga hapana. Bageni bote bakataka vile. Saki ikafika juma mbili, ikapita. Patron akaanza kumuita "ingénieur".

Mais commandant akatangaza: "Kesho naleta basoda bangu arbaini. Mutabafukiza bure!" Patron akaikaa chini, akaanza kuhesabu makala yenye itaungua.

Kaswera akamufuata commandant. "Ee chef, kwetu mutu akishafukizwa hapana toka inje siku tatu, upepo utamuua. Na pombe hapana gusa."

"Mais mimi nilitoka, na nilikunywa!"

"Wewe ni chef. Upepo unakuogopa."

Commandant akawaza basoda arbaini siku tatu bila pombe. Hapana kubaleta. Lakini bageni nabo balisikia, bakaogopa mvuke na maji ya moto. Kuanzia pale kila mutu akaomba maji ya baridi, aoge mbio, ajiendee ku nganda kunywa pombe.

Saki ikabaki imejaa. Patron akaiangalia, akamuangalia Kaswera. "Donc mama, sasa kazi yako ni gani?"

Moyo ukanipasuka, nakuambia.

Kaswera akapangusa mikono mu kitenge. "Kazi yangu ni kukumbusha commandant zile siku tatu. Nikiondoka, patron, nani atamukumbusha, asilete basoda arbaini?"

Mwisho wa mwezi Ananie alimulipa yeye wa kwanza, mbele yetu sisi bote.