Shikamoo kwa Mzuka

Juzi binti yangu alikuwa anaangalia filamu ya mizuka kwenye simu, mara akajifunika shuka gubigubi. Nikakumbuka alasiri moja shuleni, kijijini kwetu Gitting.

Mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa mgeni kutoka Tanga, akiishi peke yake kwenye nyumba ya mwisho ya walimu. Tulisoma naye kijitabu chenye hadithi ya mzee aliyekufa lakini bado anasimama kwenye ngazi za nyumba yake. Kisha akatuonyesha filamu ya hadithi hiyo kwenye kompyuta, madirisha tumeyaziba kwa mablanketi yanayonuka moshi na maziwa. Kesho yake akatupa zoezi: mzuka upi unatisha zaidi, wa kitabuni au wa kwenye filamu? Macho yake yalikuwa mekundu. Nilidhani ni moshi wa kuni mbichi.

Niliandika kwamba hakuna anayetisha. Yule ni mzee, yuko kwake, na watu wanampita bila kumpa shikamoo. Hata bibi yangu angewakasirikia.

Mwalimu alisoma jibu langu kwa sauti, darasa zima likacheka. Nikainama nikisubiri fimbo.

"Nani kakufundisha haya?"

"Bibi, mwalimu."

Akaandika kwa wino mwekundu: "Hujajibu swali. Lakini leo nitalala."

Nilishangaa, kwani kulala kuna ugumu gani? Sasa najua.

Nikamfunua binti yangu shuka. "Msalimie kwanza, mama."

Akachungulia simu kwa jicho moja. "Shikamoo, babu," akasema, akaendelea kuangalia.